Mahali Salama

Jumatatu, 4 Agosti
Mahakamani asubuhi. Kesi ya mteja wangu, ya kiwanja cha mtaa wa Picha ya Ndege, imeahirishwa tena. Nimerudi nyumbani Sofu, nimemkuta mume wangu Hamisi barazani na begi lake la ubaharia. Mkataba wake wa meli haujaisha. Hasemi kwa nini karudi. Chakula hakugusa.

Jumanne, 5 Agosti
Amesema. Sijui niandikeje.
Meli yao ya mizigo iliokoa watu Mediterania, boti yao ya mpira ikizama. Walikuwa wametoroka Libya, walikofungwa na kupigwa. Hamisi aliwagawia maji, akawaambia wako salama. Kisha nahodha akapewa amri kwa redio: warudisheni Libya. Wale watu hawakuambiwa. Walipoiona bandari wakajua. Mama mmoja alimshika Hamisi miguu. Hamisi akambandua. Akamshusha.
Mume wangu.

Ijumaa, 8 Agosti
Siamini bado. Leo kaniuliza, "Mama Nasra, wewe ni wakili. Ilikuwa halali?"
Hapana. Anayeokolewa baharini hupelekwa mahali salama. Harudishwi mikononi mwa waliomtesa. Amri ya redio haifuti hilo.
"Kwa hiyo mimi mhalifu?"
Nikamjibu kwamba wa kujibu kwanza ni nahodha na aliyemwamuru. Ni kweli. Lakini sikuweza kumtazama usoni.

Jumapili, 10 Agosti
Kisarawe, kwa mama mkwe. Hamisi kamweleza yote. Nilidhani atamtetea mwanawe. Akauliza tu, "Yule mama ulimwacha na nani?"
Hamisi akalia. Miaka yote ya ndoa sijawahi kumwona akilia.
Njiani kasema atatoa ushahidi. Kuna mawakili huko Ulaya wanaowatetea waliorudishwa, wanatafuta mabaharia waliokuwepo. Nikamwonya: hutapata meli tena. Anajua.
Naogopa. Hasira haijaisha. Ila nimewaandikia mawakili hao.

Jumamosi, 23 Agosti
Ameongea nao kwa video sebuleni, mchana kutwa. Hakujitetea hata mara moja. Wakala wa meli alishamwambia asirudi ofisini kwao.
Mawakili wamewapata wachache tu wa waliorudishwa. Yule mama yu hai, kizuizini hukohuko Libya. Anaitwa Selam. Hamisi hakuwa amemuuliza jina.
Kesi itachukua muda mrefu. Huenda tukashindwa.
Jioni kaosha vyombo, mimi nikavifuta. Nilimsikia akilitamka jina lile taratibu, kama mtu anayejifunza.