Siku Niliyoingia Bila Hodi

Jumatatu, 3 Februari
Mazoezi tena kabla ya kazi. Makupa hadi Marikiti, mwendo wa haraka. Kisigino cha kushoto kimechubuka. Jumamosi nawatembeza wanaume watatu kisiwani Mombasa kwa miguu, na mmoja wao ni meneja wa kampuni ya utalii. Akiridhika, naacha ukarani wa bandarini. Miaka kumi na moja ya makaratasi ya makontena. Nimechoka nayo.

Alhamisi, 6 Februari
Njia iko tayari. Makupa, Marikiti, Mji wa Kale, Ngome, halafu Kizingo hadi mnara wa taa. Katikati, kahawa uani kwa Bi Zuhura. Yeye ndiye aliyenifundisha milango yote ya Mji wa Kale, mimi msichana wa Kitaita niliyeshuka na sanduku moja. Aliniambia zamani kwamba nyumba yake haina hodi kwangu. Mumewe alifariki Desemba. Nimempigia simu, haikushikwa. Si kitu. Arobaini imeshapita, watakuwa wanapokea wageni.

Jumamosi, 8 Februari
Nimeharibu.

Marikiti tulipita vizuri, mahamali wa sokoni wakatutania, meneja akacheka. Kwa Bi Zuhura nikasukuma mlango kama kawaida, wanaume watatu nyuma yangu. Alikuwa uani, kichwa wazi, anapeta mchele. Akainuka mbio kuingia chumbani. Ungo ukaanguka, mchele ukatapakaa sakafuni. Meneja alikuwa ameshapiga picha.

Binti yake, Swafia, alinishika mkono akanitoa nje. Alisema neno moja, eda, na ikabidi anieleze maana yake. Miezi minne na siku kumi mjane hukaa ndani, na mwanamume asiye wa ukoo hamwoni. Mimi nilihesabu arobaini, kama tunavyohesabu kwetu. Miaka yote hii Mombasa na sikujua. Hapana. Sikuuliza.

Ngomeni nilieleza habari ambazo mwenyewe sikuzisikia. Jua kali. Mawazo yangu yote kwenye ile simu mfukoni mwa meneja. Tulipofika Kizingo, chini ya mnara, nikamwomba aifute picha. Akasema ndiyo bora kuliko zote, itawekwa kwenye matangazo. Niliogopa.

"Ifute nikiona," nikamwambia, "ama kazi yenu siitaki."

Akaifuta. Nikamwomba afute na kule simu inakohifadhi zilizofutwa. Akafuta. Wakaita teksi, wakaondoka bila kuaga. Nimerudi nyumbani kwa miguu.

Jumapili, 9 Februari
Kanisani sikusikia mahubiri. Nimempigia Swafia mara tatu. Kimya. Najichukia.

Jumanne, 11 Februari
Kampuni imeandika. Wamepata mtu mwingine. Sikulia.

Jioni Swafia akajibu. Presha ya mama imepanda, nisije kwa sasa. Hapo nililia, tena sana. Watu husema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nimepeleka wageni, mwenyeji akaugua.

Alhamisi, 13 Februari
Hakuna habari. Nimekosea fomu mbili kazini. Bosi amegomba. Ana haki.

Jumapili, 16 Februari
Nimekwenda baada ya alasiri, bila kuitwa. Mlango ulikuwa wazi, pazia limeshushwa. Sikuligusa. Nimepiga hodi kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule aliponiambia nisipige. Kimya. Nikapiga ya pili, nikasema kwa nje kwamba picha imefutwa, nimeona kwa macho yangu. Kimya. Hodi ni tatu, usipojibiwa unarudi ulikotoka. Hilo nalijua, alinifundisha yeye. Nikapiga ya tatu.

Sauti yake ikatoka ndani, ndogo. "U na nani?"

"Niko peke yangu, Bi Zuhura."

"Basi wasimama nde wangoja nini?"

Nikaingia. Ungo ulikuwa mapajani mwake. Alinisogezea upande mmoja, tukachagua mchele mpaka magharibi. Ulikuwa bado na mchanga wa sakafuni.