Zege la Jumatatu

Jumatano, 6 Agosti

Faili, chai, faili tena. Saa nne Makena wa masijala akaja mbio na simu yake. "Auntie Karimi, ona mahali tulienda Jumapili!" Picha ya bonde, mto chini kabisa, mizabibu imepangwa mistari mistari. Nikajua mara moja. Huko ni Githongo, kwetu. Ni shamba la ndugu yangu Kinoti, aliyeng'oa kahawa ya baba akapanda zabibu. Haya, ni lake. Lakini Makena amesimama ukingoni, vidole viwili juu, anacheka, na hapo aliposimama ndipo tulipomzika mama.

Sikumwambia. Chai ilinishinda.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimempigia Kinoti. Alishika mara ya tatu. Ati watu wanapapenda sana pale ukingoni. Ati anajenga jukwaa, wageni wasimame juu yake watazame bonde vizuri. Fundi anamwaga zege Jumatatu. Nikamuuliza, na kaburi? Akajibu: "Dada, kaburi liko salama."

Mwongo! Nimemjua tangu akitokwa na kamasi. Akitaka kunidanganya huanza na "dada".

Ijumaa, 8 Agosti

Hasira imenikaa kifuani kama ugali mbichi. Zege! Mama alikataa saruji, tena mbele ya mchungaji, sote tukisikia. Amelima maisha yake yote, alisema, anataka udongo tu. Basi tulichomeka vijiti vinne vya mti wa mpaka, kimoja kila pembe, vile vile tunavyotenganisha shamba na shamba. Mti ule ukikatwa na kuchomekwa unaota. Na kwetu hakuna mwenye akili timamu anayeung'oa. Watu wameburutana kwa chifu kwa sababu ya kimoja.

Kinoti anajua haya yote. Kesho naenda.

Jumamosi, 9 Agosti

Vijiti havipo. Hata kimoja! Nyasi zimefyekwa, kamba za fundi zimevutwa huku na huku.

Nilimbana Kinoti mpaka akasema. Alipopanda zabibu, vijiti vya kuegemeza miche vilipungua. Akawaambia vibarua waokote popote. Vibarua wenyewe wageni, wametoka mbali, wameona vijiti wameng'oa. Yeye alipogundua akaona haya, akanyamaza. Miaka miwili amenyamaza! Nilimwita majina ambayo mama angenizabia kofi. Mkewe akaingia jikoni akafunga mlango.

Halafu akaniuliza kwa upole, mimi naweza kuonyesha ni wapi hasa?

Kwenye picha nilikuwa na hakika. Pale penyewe, nimegeuka huku, nimegeuka kule. Nyasi, na bonde. Siwezi. Mimi ninayekaa hapo Kaaga tu, karibu hivi, sijakanyaga ukingo ule tangu mazishi. Kila Krismasi nilikuwa na kisingizio. Nimejichukia leo. Kinoti nimemchukia pia, asidhani ameponea.

Jumapili, 10 Agosti

Sikuenda kanisani. Nilishuka kwenye mizabibu, mstari mmoja hadi mwingine, nikishika kila kijiti. Mikaratusi mikavu yote. Mstari wa saba, kimoja kina majani. Mabichi kabisa. Mbele yake kingine. Vyote vinne vipo, vimeota, vimebebeshwa zabibu za Kinoti. Nilikaa chini nikalia kwa sauti. Si huzuni. Hasira tupu.

Kinoti akaja na mtaimbo. Tulipanda juu, akaanza kuchoma ardhi. Ngumu. Hatua moja mbele, ngumu. Amechoma mpaka jasho likamtoka puani. Ndani ya kamba za fundi, katikati kabisa, mtaimbo ukazama wenyewe karibu wote. Hapo paliwahi kuchimbwa. Siku moja zaidi tu tungekuwa tumemfunika mama kwa kile alichokataa.

Kinoti alipiga magoti. Sikumshika bega. Alistahili kupiga magoti peke yake.

Tulivichimbua vijiti na mizizi yake, tukavirudisha pembe zote nne. Mimi nilichota maji mtoni. Njia ya mtoni imekuwa ndefu, au mimi nimezeeka.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeomba ruhusa kazini. Nimesimama pale mpaka fundi akahamisha kamba zake. Alinung'unika. Na anung'unike! Zege limemwagwa kando, hatua kumi. Bonde linaonekana vilevile.

Sijamsamehe Kinoti. Naandika hapa nisije nikajifanya nimesahau.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimeenda tena. Mvua ndogo asubuhi, halafu jua. Vijiti vitatu vimeshika, cha nne kinasuasua. Kinoti amekizungushia miiba mbuzi wasikifikie. Hakuambiwa na mtu.

Siku hizi kuna geti, na mlinzi mzee ambaye hanijui. Alinizuia mlangoni pa kwetu, akanipa kitabu cha wageni. Wiki mbili zilizopita ningemrukia. Nikashika kalamu. Jina. Ulikotoka. Sababu ya kuja. Walionitangulia wote wameandika kutazama bonde. Mimi nikaandika: kumwona mama.

Akasoma polepole, akaniuliza mama anafanya kazi upande gani. Nikamwonyesha.