Ukingo wa Kioo cha Dereva

Bruxelles, 12 Novemba 1995

Kwa yaya Mujinga, dada yangu mkubwa, Lubumbashi.

Yaya mpenzi, pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kwa mke wangu Viviane na kwa watoto. Sisi tungali tunapumua, tunamshukuru Mungu, ingawa baridi ya mwaka huu imeanza mapema na mgongo wangu unanikumbusha kila asubuhi kwamba sikuzaliwa huku. Nanyi je? Maman anaendeleaje na miguu? Shemeji Tshibangu amelipwa mshahara hata wa mwezi mmoja, au bado wanampa ahadi tu? Watoto wanasoma? Nijibu kila swali, tafadhali. Usinifanyie kama mara ile, ukurasa mzima wa salamu za majirani na habari yenyewe mstari mmoja.

Najua unaisoma barua hii kwa sauti sebuleni, Maman kwenye kiti chake na watoto chini, kama tulivyozoea tangu enzi za barua za Papa. Bon, soma. Ila soma polepole, macho yatangulie mdomo.

Habari kubwa ni lile gari ambalo mjomba wetu, Tonton Désiré, aliwaahidi. Limeondoka! Tonton alilipeleka mwenyewe bandarini Anvers Alhamisi iliyopita. Litashukia Dar es Salaam, lipite Zambia, hadi mpakani Kasumbalesa. Ni Toyota Carina, bluu ya kukolea, injini nzima kabisa. Shemeji akilifanya taksi mtakula. Waambie watoto lina redio, lakini asiyejua kufunga mlango taratibu asiliguse.

Mimi ndiye niliyelitengeneza, katika banda ninalokodi kule Ganshoren, mtaa wa kimya kiasi kwamba ukiangusha spana mabibi wanafungua mapazia. Injini haikuwa na neno. Shida ilikuwa urembo. Kwenye magari haya, fremu za milango zinazozunguka vioo ni nyeusi, na weusi huo si rangi, ni plastiki nyembamba iliyobandikwa. Miaka ikipita inakauka, inapasuka, inabambuka kama ngozi ya mgongo ulioungua jua. Nilimwambia Tonton kwamba Lubumbashi hakuna atakayetazama ukingo wa kioo, watatazama kama gari linawaka. Alikataa katakata. Alisema Mujinga amelia vya kutosha, hawezi kuletewa gari lenye magamba.

Basi nikaanza. Ukanda wa zamani lazima uupashe moto kwanza, kwa hiyo niliazima mashine ya Viviane ya kukaushia nywele, na mpaka leo analalamika kwamba kichwa chake kinanuka gundi. Ukishalainika unauvuta kwa ukucha, pole pole, usikatike. Gundi inayobaki unaisugua kwa kitambaa chenye petroli, kisha msasa laini wa maji, ndipo unabandika mpya bila kuacha povu la hewa ndani. Mtu mwenye haraka asiiguse kazi hii.

Kwenye kaburi la Noé nilikwenda Sikukuu ya Watakatifu Wote. Nilipeleka maua, nikang'oa majani. Mwanao amelala mahali pasafi, yaya. Tonton Désiré yupo.

Maman, sisi wanao wa huku hatujakusahau hata siku moja. Paka miguu ile dawa niliyotuma kwa mkono wa watu, usiwagawie majirani. Majirani wote wa Katuba nawasalimu kwa majina yao. Kwa leo mkono umechoka, mbaki na amani.

Yaya, simama hapa. Waambie barua imekwisha. Ikunje, uende nayo chumbani, ufunge mlango. Hiki kinachofuata Maman asikisikie, kwa kuwa Désiré ni mdogo wake wa tumbo moja.

Umeona huko juu sikuandika kwamba Tonton anakusalimu. Niliandika yupo. Siwezi kuandika zaidi ya hapo.

Mlango wa kwanza niliouvua ni wa dereva. Plastiki ilipoachia, chini yake nikakuta nyekundu. Aliyelipaka gari bluu alifanya kazi safi, hata ndani ya milango, hata chini ya boneti, lakini pale kwenye fremu alishikwa na uvivu. Hakuivua plastiki. Aliifunika kwa karatasi, akapaka pembeni, akaenda zake. Kwa hiyo chini yake lilibaki gari la zamani, nyekundu ya matofali.

Unakumbuka nilichokuandikia Februari ya mwaka jana, Noé alipogongwa. Yule mama wa Kibelgiji aliyemshikia Noé mwavuli pale chini, karibu na Porte de Namur, alisema gari lilikuwa jekundu, la Kijapani, na halikusimama. Polisi walinionyesha chembe za rangi zilizotoka kwenye koti la mtoto, ndani ya kifuko. Nilizitazama mpaka zikaniingia kichwani. Tukazunguka Ixelles nzima tukikagua kila gari jekundu, na Tonton Désiré akiwa mbele yetu, yeye ndiye akiinama kupapasa taa za watu. Wakati huo sote tulijua hana gari. Hili la bluu alitokea nalo baada ya Pasaka, akasema amelinunua kwa mzee mmoja wa Gand.

Nakuapia, yaya, sikutaka kuelewa. Nilijiambia magari mekundu ni mengi duniani. Nikazunguka mbele, nikakuta taa ya kulia mpya na ya kushoto imefifia kwa uzee. Nikajiambia, bon, taa huvunjika. Nikarudi kusugua gundi kama mjinga.

Ndipo akaingia Tonton na mfuko wa mikate, maana alikuwa na desturi ya kuniletea chakula kazini. Akauona ule mstari. Mfuko ukamtoka mkononi, mikate ikatapakaa kwenye mafuta machafu. Alikaa juu ya tairi akaanza kusema mwenyewe, huku akiitazama mikate.

Alisema alikuwa amelinunua gari juzi yake tu na bado hakuwa na assurance, bima ya gari, ndiyo sababu hakumwambia mtu. Mvua ilikuwa kubwa. Kijana alitokea kati ya mabasi mawili, yeye Tonton akasikia kishindo, na hakutazama kioo cha nyuma. Alijiambia watu wapo, wataita ambulansi. Akalipeleka gari kwa mtu wake nje ya mji, na huko ndiko lilikokaa mpaka lilipotoka bluu. Aliporudi nyumbani simu ikalia. Tulikuwa sisi, tukimwita kama mkubwa wetu aje asimamie matanga. Akavaa suti nyeusi akaja.

Unajua aliyoyafanya. Aliongoza sala, alichangisha, alibeba jeneza upande wa mbele. Wewe mwenyewe uliandika kwamba Mungu amzidishie miaka, na mimi ndiye niliyemsomea mstari huo. Alilia mpaka nikamshika mabega. Mimi, yaya! Nilimbembeleza!

Halafu akaniambia kwamba kama angejua ni Noé, angesimama. Aliapa hivyo tena na tena, kana kwamba ndilo neno la kumwokoa. Ndilo lililonimaliza. Maana yake, angekuwa mtoto wa mwingine, mpaka leo angelala usingizi wake mzuri. Na daktari alituambia kwamba Noé hakufa palepale. Nilitaka kumpiga. Nilimtukana mdogo wa mama yangu matusi ambayo sitayaandika, na yeye akawa anaitikia kila moja, ndiyo, ndiyo.

Nilipoishiwa, akanisihi nifunike. Alisema gari hilo ni ugali wa watoto uliobaki nao, na kwamba wewe ukijua utalikataa, njaa itaingia nyumbani na Noé hatarudi. Sitakudanganya, nilifikiri. Ninafikiri hata sasa. Najua mnakula mara moja kwa siku, na ni rahisi kwangu kuwa mgumu nikiwa nimeshiba.

Alors, nilifunika milango mitatu. Niliifunika vizuri, huwezi kuona povu hata moja. Wa dereva nikauacha. Nimepaka vernis, ile rangi angavu kama kioo, juu ya ile nyekundu ili isishike kutu njiani, ikufikie ilivyo. Tonton alisimama akinitazama mpaka nikamaliza. Ameliendesha hivyo hivyo mpaka Anvers, mstari ule ukiwa kando ya sikio lake.

Polisi sijaenda. Noé ni wa tumbo lako, si langu. Ukiniambia niende, nitaenda siku hiyohiyo, na Maman akinilaani, anilaani. Ukiniambia ninyamaze nitanyamaza, lakini usinitume nikae naye meza moja. Gari nalo ni lako. Liuze, mpe shemeji alifanyie kazi, litie moto uwanjani, sitakulaumu kwa lolote. Nilichokataa mimi ni wewe kumshukuru tena kwa barua.

Anayekuletea karatasi hizi ni Maman Chloé, tunasali naye kanisa moja, anakuja kumwona baba yake mgonjwa. Hajui zilizomo. Mpe chai, mwache apumzike. Anarudi huku baada ya Noeli, na jibu lako umpe mkononi, usilitie posta. Viviane anakukumbatia, yeye anajua. Nisamehe kwa kukuzikia mtoto mara ya pili. Mungu akushike, mimi niko mbali, mikono yangu haifiki.

Na siku wakikuletea funguo, kabla hujaketi ndani, tazama juu ya kioo cha dereva.

Ni mimi mdogo wako,
Donat