Ombi Alilotoa Mama Siku ya Jumuiya

Mtaa wa Maisaka,
S.L.P. 118,
Babati, Manyara.

Jumapili, 12 Septemba 2004

Mpendwa Shangazi Evelyne,

Shikamoo. Hali yako na ya watoto huko Masasi? Mguu umepona, au bado unatembelea fimbo? Tunakukumbuka kila tunapokaa mezani kusali.

Sisi ni wazima wa mwili. Mimi naendelea vizuri na kidato cha pili. Praygod yupo darasa la tatu, ameng'oka meno mawili ya mbele na siku hizi akicheka anaziba mdomo kwa mkono.

Babati imebadilika sana tangu tuwe mkoa. Ukija utapotea. Palipokuwa na mahindi sasa pana vigingi vya viwanja, na kanisani kila Jumapili wanasimama wageni waliohamishiwa ofisi za mkoa. Baba hakosi kazi ya uashi. Sasa wanajenga ofisi kule Bonga, kando ya barabara ya Dodoma.

Nimeanza na hayo kwa sababu hili linalofuata ni zito kwangu. Shangazi, baba halali nyumbani. Tangu mwezi uliopita analala stoo ya pale kazini, juu ya mifuko mitupu ya saruji.

Nitakueleza ilivyokuwa. Mwaka huu baba alianza kupitia kilabuni na mafundi wenzake. Hakuwa mgomvi. Akirudi alikuwa anakaa jikoni na kuimba tenzi kwa sauti mbovu, Praygod akicheka hadi anashika tumbo. Mama alikuwa hacheki. Lakini hakumwambia baba neno lolote. Alipakua chakula, akaenda kulala.

Kisha zamu ya jumuiya ikafika kwetu. Wewe unajua, majirani wanakuja nyumbani, tunaimba, tunasoma neno, kila mwenye haja anatoa ombi, ndipo tunakunywa chai. Siku hiyo baba aliwahi kurudi, akaoga, akapanga mabenchi mwenyewe. Mzee Anselimu, kiongozi wetu, akanipa mimi kusoma, maana anasema sauti yangu inasikika. Lilikuwa somo la Mithali, lile la mwanamke mwenye hekima anayeijenga nyumba yake, na mpumbavu anayeibomoa kwa mikono yake mwenyewe. Nilisoma taratibu kama tulivyofundishwa.

Ulipofika wakati wa maombi mama akasimama. Akasema, "Wapendwa, naomba mniombee mume wangu, pombe inamchukua." Baba alikuwa amekaa palepale, karibu na mlango, mbele ya watu wote.

Hakukasirika. Tulipomaliza kuomba alisimama akasema, "Karibuni chai," na akamimina mwenyewe, kikombe baada ya kikombe, mpaka wote wakapata. Sijawahi kuona watu wakinywa chai haraka namna ile.

Kesho yake mafundi walishasikia. Paskasi, anayemchanganyia baba zege, alimpokea kwa kusema, "Fundi Herieli, umeshaombewa leo, au tukuwekee mikono sisi?" Wakacheka kutwa nzima. Wakawa wanamwita Mchungaji. Jioni baba alikuja, akachukua blanketi na mwiko wake wa kujengea, akasema kazi ni nyingi, atakuwa analala kulekule.

Jambo linalonichanganya ni kwamba pombe ameacha. Paskasi mwenyewe ameniambia. Watu wanasema maombi yamejibiwa, na mama anapongezwa kanisani. Lakini nyumbani kiti cha baba kimewekewa nguo za kunyoosha.

Nilipokuwa mdogo nilidhani mwenye hekima na mpumbavu ni watu wawili, na ukiwaona barabarani utawatambua. Sasa sijui. Mama aliposimama siku ile alidhani anajenga, nilimwona usoni. Na baba je? Maandiko yanataja mikono ya mwanamke, lakini nyumba yetu naona ilishikwa na mikono minne. Nilimuuliza mwalimu wetu wa dini. Akafikiri, akasema neno la kweli likisemwa mahali pasipo pake linaweza kuumiza kama uongo. Nilimshukuru. Hakunipa la kufanya.

Jumamosi ya juma lililopita nilijaribu jambo moja, usinicheke. Nilikata jani la sale pale uani, kwenye yale masale ambayo babu alitoka nayo Marangu, nikalifunga fundo kama nilivyoona wakubwa wakifanya wanapoombana msamaha. Nilikumbuka ulivyotuambia kwamba Mchaga akiletewa sale hawezi kukataa. Nikalipeleka Bonga pamoja na chakula.

Baba aliliangalia muda mrefu. Akaniuliza, "Aikande, nani amekutuma?"

Sikuweza kumdanganya. Nikasema hakuna aliyenituma.

Akasema, "Basi mwanangu, hili ni jani tu." Lakini alisema hivyo kwa upole, na alinisindikiza hadi barabarani akiwa amebeba vyombo.

Paskasi anasema ofisi ile karibu inaisha, na baba amekubali kwenda na tajiri wao kujenga Kiteto. Wataondoka mwisho wa mwezi. Nikimwambia mama aongee na baba, anajibu, "Yeye ndiye aliyeondoka, mlango anaujua." Nikimwambia baba, anajibu, "Mama yako ana watu wa kuongea nao, tena wengi." Mithali inasema mtoto mwenye hekima humfurahisha baba yake, na mpumbavu ni huzuni ya mama yake. Sijaona palipoandikwa mtoto afanye nini wote wawili wakiwa na huzuni.

Wewe ni dada mkubwa wa baba, na mama anakuheshimu. Naomba uwaandikie, au upige simu kwa Mzee Anselimu. Najua barua ya kutoka huku hadi Masasi inakwenda taratibu, na huenda ikakufikia baba akiwa ameshapanda gari. Hata hivyo nimeandika.

Praygod anakusalimu, anauliza kama huko korosho zinaokotwa bure. Wasalimie watoto wote na bibi jirani yako. Mungu akulinde, akuponye mguu, na akujalie maneno ya kutuambia.

Nilipokuwa nafunga barua hii mama alikuwa ananyoosha nguo. Nikamuuliza kama ana neno la kukutumia. Akanyoosha kwanza shati zima la baba, kola na mikono yote miwili. Kisha akasema bila kunitazama, "Mwambie wifi anisalimie kaka yake."

Nimeliandika kama alivyolisema. Shangazi, tafadhali mfikishie.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Aikande Herieli