Dadu Nyuma ya Kadibodi

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na kabla ya lolote niambie kifua chako kinaendeleaje. Safari ya mwisho tulipoongea ulikuwa unakohoa kati ya neno na neno, nami nikasahau kukuuliza kama ulikwenda kupimwa. Mama naye, macho yake vipi? Mwambie miwani ile mpya aivae, asiiweke kabatini kama vyombo vya wageni. Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo iko juu juu, na sababu yake unaijua nusu.

Anayekuletea barua hii ni mwalimu wa hesabu, rafiki yangu. Ana safari ya kikazi huko kwenu, akakubali kuibeba. Mkaribishe, umpe kiti, na umwombe asubiri mpaka umalize kusoma, maana huenda ukawa na maswali na yeye anayajua yote. Ningeweza kupiga simu. Lakini kwenye simu ungenikatiza, nami nikikatizwa ningeishia katikati, kama nilivyofanya Jumanne. Nilikwambia binti yako Sisimizi ameteleza ngazini akavunjika paja. Paja kweli limevunjika. Jana Alhamisi wamemtia chuma, na daktari wa mifupa ameniambia amefanya kazi yake vizuri. Leo asubuhi nimemwona binti yako akichezesha vidole vya mguu. Hilo nimeliandika mapema ili usome yanayofuata ukiwa umekaa.

Hakuteleza, kaka. Nakuomba uvumilie, kwa sababu lazima nianze mbali.

Unakumbuka ulivyomleta kwangu mwaka juzi, miezi mitano baada ya kumzika mama yake. Mtoto wa miaka kumi na saba, hawezi kupokea simu, hawezi kumwambia muuza duka amempa sabuni siyo. Ukasema aje asome ukarani, abadilishe hewa. Chuoni alikwenda, akarudi, akakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha. Nikimuuliza habari za siku ananiambia nzuri, basi, tumemaliza maongezi. Wewe unanijua mimi, hata jina la Chiriku mlinipa wenyewe kwa kuongea. Nyumba ile ilinishinda.

Wakati huohuo mwalimu alileta kitabu chake pale kiwandani kwetu kupigwa chapa. Kazi yangu, kama unavyojua, ni kusoma kurasa kabla hazijaingia mashineni, nikitafuta makosa. Kitabu kilikuwa cha kanuni za mchezo alioubuni mwenyewe, mchezo wa mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida. Hakuna uwanja wala mpira. Watu wanakaa mezani, kila mmoja na karatasi yake ya shujaa. Unapewa alama hamsini, unanunulia nguvu unazotaka: kuruka, kuona kupita ukuta, chochote. Ukijichagulia udhaifu, unaongezewa alama. Mmoja kati yenu ni msimamizi. Yeye ndiye anayesimulia hatari iliyoupata mji, nanyi mnamwambia mashujaa wenu wanafanya nini, kisha dadu ndizo zinazoamua kama mmeweza.

Nilikisoma mara tatu kwa ajili ya makosa, mwisho nikawa nazijua kanuni kuliko mwenyewe. Mwalimu akaniomba niwe msimamizi, ili auone mchezo wake ukichezwa. Tukaanza Jumamosi mchana, sebuleni kwangu, mimi, yeye na fundi wa friji wa mtaa wa pili, ambaye shujaa wake alipuliza baridi ikagandisha mto mzima, na udhaifu aliojichagulia ni kumwogopa mama mkwe. Mwalimu alibisha kwamba huo si udhaifu bali ni akili timamu, asiongezewe alama. Walibishana nusu saa. Nikageuka, nikamwona Sisimizi pale dirishani anacheka kwa mabega, bila sauti.

Jumamosi ya nne alivuta kiti. Shujaa wake akamwita Mama Ngazi. Nguvu yake moja tu: ukuta wowote akiugusa unakuwa ngazi, watu wanashuka. Alama zake zote alizimwaga hapo, hakujiwekea hata moja ya kujikinga. Fundi alimwonya kwamba shujaa wa namna hiyo hamalizi mwezi. Akasema haidhuru.

Sasa kuna kanuni moja, ya tisa, nataka uielewe vizuri. Shujaa akijitia hatarini kumwokoa mtu, msimamizi anarusha dadu tatu. Anazirusha nyuma ya kipande cha kadibodi kilichosimamishwa mezani, ili wachezaji wasizione, wasikie tu matokeo. Jumla ikiwa chini ya saba, shujaa ameanguka. Hapana kubembeleza. Karatasi yake inachanwa mbele yake. Nilipokuwa nasahihisha kitabu nilimwambia mwalimu kanuni hii ni kali mno. Alinijibu kwa upole kwamba bila hiyo hakuna shujaa hata mmoja mezani, kuna watu wanaotembea tu.

Mama Ngazi alijitia hatarini kila wiki. Na kila wiki alipona. Binti yako akaanza kuongea, kaka. Kwanza mezani, halafu jikoni, halafu dukani. Alirudisha sabuni. Siku moja mpangaji wa juu alipoacha jiko linawaka, ni yeye aliyepanda akagonga, akaingia, akazima gesi, wakati watu wazima tumesimama uani tunaulizana nani ana ufunguo. Mwalimu, ambaye hawezi kuona namba akaiacha, alikuwa akiandika kila mrusho pembeni ya daftari lake. Aliniambia kiutani kwamba kwa hesabu zake, huyu binti alipaswa kuwa ameanguka zamani. Nilimpa chai, nikabadilisha mazungumzo.

Kisha ikaja ile siku aliyokupigia simu kukuomba akajiunge na kikosi cha zimamoto. Ulimkatalia. Nilikuwa nimekaa karibu, nikasikia ulichosema, kwamba umeshazika mke na hutaki kuzika na mtoto. Sikukulaumu, na leo hii ndiyo kabisa sikulaumu. Ila alipokata simu alirudi kwenye kile kiti cha dirishani. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne aliingia chumbani kwangu, akasema amekubaliwa, wewe umebadili mawazo. Wiki iliyofuata alianza mafunzo. Miezi saba sasa wewe unajua yuko chuoni anajifunza ukarani, kumbe anajifunza kubeba mpira wa maji mabegani. Kila ulipouliza masomo yake, nilikujibu yanakwenda vizuri. 

Jumanne saa nne asubuhi moto ulishika karakana ya kushona nguo, ghorofa ya tatu. Wanafunzi wa zimamoto, Sisimizi akiwemo, waliagizwa wakae chini, wasaidie kuwatoa watu waliokwisha kushuka. Mama mmoja mkata vitambaa akasikika anagonga kutoka msalani, mlango umejifunga. Kamanda akaamuru watu wote watoke kwenye ngazi, hazifai tena. Wote wakashuka. Sisimizi akapanda. Aliuvunja mlango, akamfunika yule mama kitambaa cha maji, akamsukuma mpaka dirishani ilipokuwa ngazi ya gari. Yule mama akapokelewa. Binti yako akarudi hatua mbili kumpisha askari wa zimamoto, na sakafu ya pale ikaachia. Alianguka ghorofa nzima.

Nilifika hospitali nimevaa aproni ya kiwandani, mikono myeusi kwa wino. Walimlaza kwenye wodi yenye vitanda sita, uso una masizi hadi puani. Nilitegemea nitamkuta analia. Alikuwa mtulivu. Nilimuuliza, kwa sauti niliyoshindwa kuizuia, alikuwa anafikiri nini kupanda wakati mkubwa wake amekataza. Akanitazama kama mtu anayemshangaa mwenzake asiyejua jambo la wazi, akasema:

“Shangazi, mimi huwa sianguki.”

Kaka, nilishika chuma cha kitanda. Nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi la wagonjwa wa macho, nikakupigia ile simu ya Jumanne nikakwambia ameteleza.

Haya sasa. Mama Ngazi aliokoka kwa sababu yangu. Mara ya kwanza ilikuwa Jumamosi ya tano. Nilirusha dadu zikaja moja, mbili, moja. Jumla nne, ameanguka. Nikainua macho juu ya kadibodi, nikamwona amekunja mikono chini ya kidevu, anasubiri. Nikasema moja, mbili, tano. Akapiga makofi. Tangu mazishi sikuwa nimewahi kumwona akipiga makofi. Nilijiambia ni mara moja tu. Ikawa mbili. Ilipofika ya tatu sikujiambia kitu, nilitaja tu namba. Jumla ni mara tano katika mwaka mmoja na ushee. Mimi ninayelipwa kutafuta makosa ya wengine nilikaa pale nikayatengeneza kwa mdomo wangu, na mtoto akajengeka juu yake.

Na la pili. Wewe hukubadili mawazo, hilo unalijua. Fomu ya zimamoto inataka ruhusa ya mzazi kwa kila aliye chini ya miaka ishirini na moja. Niliichukua mezani kwake akiwa anaoga. Nikaandika jina lako na kuweka sahihi yako, ile yenye herufi ya kwanza yenye mkia mrefu. Nilifanya mazoezi kwenye karatasi chakavu mara nne. Yeye alidhani fomu ilikwenda kwako ikarudi, nami nikamwambia umekubali kwa sharti asikutajie moto kwenye simu. Hakukudanganya wewe. Nyote wawili mmedanganywa na mimi: wewe kwa kalamu, yeye kwa dadu.

Jumatano, siku moja kabla ya kupasuliwa, nilimwambia yote. Sikutaka alale kwenye meza ya daktari akiamini hawezi kuanguka. Aliniuliza jambo moja tu, mara ngapi. Nikamwambia. Akageuza uso ukutani, akakaa hivyo hadi muda wa wageni ulipoisha. Nilirudi nyumbani.

Jana jioni, dawa za usingizi zilipokwisha kumtoka, mhudumu akaniruhusu niingie kidogo. Nilidhani hatazungumza nami. Alifumbua macho, akataka maji, akanywa. Ndipo akasema, taratibu, kila neno peke yake:

“Kule juu hukuwepo, shangazi. Nilianguka. Na yule mama yuko nyumbani kwake.”

Tangu hapo nayageuza maneno hayo na sijui kama amenisamehe au amenifukuza. Labda yote mawili. Nilimwinamia nimrekebishie shuka, hakukwepa.

Asubuhi hii kamanda alikuja kumtazama. Ana kesi naye ya kukaidi amri, hakuficha, alimwambia pale pale kitandani kwamba akipona atajibu. Lakini alisema pia kwamba nafasi yake ipo akiweza kupanda ngazi tena, jambo ambalo daktari halikubali wala halikatai kabla ya miezi sita. Nilimfuata kamanda kwenye korido nikamweleza habari ya sahihi. Alichezea kofia yake. Akasema hilo ataliandika, na nitaitwa. Nimekubali. Kisha akatoa kwenye mkoba fomu nyingine, tupu, akasema ile ya zamani haina kazi.

Nilimpelekea Sisimizi. Aliijaza sehemu yake akiwa amelala chali, kalamu ikigoma kwa kuelekezwa juu, akaniambia nikutumie. Hakuniambia nikuombe chochote. Imo humu ndani ya bahasha, nyuma ya ukurasa huu wa mwisho. Mahali pa mzazi sijagusa. Ukiichana, nitaelewa, na yeye nitamwambia hivyo hivyo ulivyofanya, bila kupunguza. Ukija mwenyewe itakuwa bora zaidi, kwa sababu anakuulizia, na mimi sistahili tena kumjibu kwa niaba yako. Chumba changu kina nafasi, na kama hutaki kulala kwangu, mwalimu amesema kwake pia ipo.

Nisalimie mama, lakini usimsomee barua hii yote. Mwambie mjukuu wake anachezesha vidole, hiyo ni kweli tupu. Wasalimie majirani walioniuguza nilipokuwa huko. Nakuombea kifua chepesi na safari njema, kama utasafiri. Nasubiri jibu lako nikiwa sina raha, wala sitaki uniharakishie raha.

Ni mimi mdogo wako,
Chiriku