Kanga ya Kutupa Ulingoni

Misima, Handeni
4 Mei 2024

Mwanangu Muhsin,
Salamu nyingi. Baba yako hajambo, yuko palizi. Bibi Chausiku hajambo, ila miguu. Dada yako Yusra hajambo. Hata mbuzi wako kazaa. Hofu ni kwako tu.

Faraji wa basi kaniambia utapigana ngumi hapo Korogwe, kwa kiingilio, na jina lako ulingoni ni Mrumi. Nikamuuliza Yusra, si anasoma historia, Warumi ndio nani. Akasema Warumi wa kale walipiganisha watumwa na wafungwa uwanjani kwa mapanga, wengine mpaka kufa, watu wamekaa wanashangilia. Aliyezidiwa alinyoosha kidole kuomba asamehewe, halafu mkubwa wa mchezo anasikiliza kelele za watu ndipo aamue. Mwanangu, chakula kilinishinda. Mama zao walikuwa wapi?

Yusra kanicheka. Kasema siku hizi ukizidiwa mwalimu wako anatupa taulo, pambano linaisha. Basi nakutumia kanga yangu niliyokubebea. Mpe mwalimu Semboja atupe hiyo.
Mama yako

Korogwe
11 Mei 2024

Shikamoo mama,
Mimi mzima. Kanga imefika, wenzangu wananitania wanaiita mbeleko. Usihofu, tunavaa glavu na daktari yupo. Mwalimu kaichukua, ila nimemkataza asiitupe hata nikianguka. Nitachekwa mpaka uzeeni.
Mwanao

Korogwe
20 Mei 2024

Shikamoo mama,
Mkono wa kulia umevimba, naandika polepole. Raundi ya nne niliangushwa, nikainuka, jicho moja halioni. Watu wakapiga kelele, "Mmalize Mrumi!" Hata wa mtaani kwetu. Nikawakumbuka watu wako wa kale. Nikamtazama mwalimu, nikanyoosha mkono. Kanga ikaruka ikaniangukia kichwani, inanuka moshi wa jikoni kwako. Ukumbi mzima ulicheka. Jicho limeanza kuona.
Mwanao

Misima
23 Mei 2024

Mwanangu,
Wote hatujambo, na bibi leo katembea mpaka kisimani kuwaambia watu. Hao waliocheka hawajawahi kukubeba, waache. Kanga usiitie maji ya moto, damu itaganda. Nitaifua mwenyewe. Ila usimpe Faraji, ilete wewe. Niandikie upesi unapanda basi la siku gani, nije kukungoja barabarani.
Mama yako