Vidonge vya Baba

Mkunya, Newala

Kwako kaka Anselmo,

Shikamoo. Naamini barua hii itawakuta wazima huko Lupaso, wewe, wifi na watoto. Sisi tupo. Baridi inatukata, lakini mikorosho imeanza kuchanua. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba hii siku hizi kuta zina masikio.

Baba, tangu apate ule mshtuko wa moyo, anaendelea vizuri kuliko tulivyotegemea. Unakumbuka hospitali ya serikali walivyomtafunisha vidonge na kumbandika nyaya kifuani, kisha daktari akatuambia mshipa wa moyo uliziba, asikose dawa hata siku moja.

Sasa dawa zikawa zinaisha kabla ya wakati. Nilipokwenda kuomba nyingine, mtoa dawa alinitazama juu mpaka chini, akauliza kama tunaziuza. Niliona aibu, kaka. Nikasema kikulacho ki nguoni mwako, na sikwenda mbali: nikamshuku Mama Nancy. Wewe na mimi hatukumpenda tangu alipoolewa mahali pa marehemu mama. Nikaanza kumchunga. Nikamwona anatoa vidonge viwili viwili, anaingia kwa baba, anafunga mlango. Nikajua leo nimempata.

Nikausukuma mlango. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya baba, anameza kidonge. Akafungua mdomo, akaonyesha ulimi, ndipo baba naye akameza chake. Kila aina ya dawa, hivyo hivyo, kama tufanyavyo kwenye uraka, pombe yetu ya mabibo, mwenyeji anaonja kwanza ndipo mgeni apokee. Baba alisema bila hivyo hamezi. Mama Nancy akasema bora ameze yeye kuliko mumewe afe, akaniomba nisiwaambie watu.

Jumamosi Mama Nancy alianguka jikoni. Zahanati walisema presha imeshuka mno, na anatokwa na damu kwenye fizi kwa sababu ya dawa asizozihitaji. Wamemkataza kabisa kuzigusa.

Nilimuuliza baba nani aliyemtia hofu hii. Akakutaja wewe. Eti ulimwinamia pale kitandani hospitalini, ukamwambia kifua kile hakikuanza bure, ajihadhari na mkono wa yule mwanamke. Nimeumia, kaka. Nina hasira na wewe na sikufichi.

Njoo. Ya simu baba hayaamini, anasema sauti ya mtu inaigizwa. Njoo umwambie kwa kinywa chako kwamba ulikosea, Mama Nancy akiwepo.

Wifi mpe salamu zangu nyingi, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Ila usikawie. Tangu Jumamosi anayemeza kwanza ni mimi, na leo asubuhi baba alikataa kidonge chake mpaka nimeze viwili.

Ni mimi mdogo wako,
Oliva